Lami Inapokuja Pangani

Mwaka wangu wa pili Pangani, mji mdogo wa pwani mkoani Tanga, nilitamka maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Tulikuwa barazani kwa jirani yangu, bibi wa miaka sabini na ushei anayeuza vitumbua asubuhi, na mgeni wangu kutoka Dar es Salaam alikuwa akisifu upepo, minazi na ukimya. Habari ya barabara ya lami ilipoingia, nikasema: "Hiyo lami ikifika, Pangani imekwisha." Mgeni akaitikia kwa kichwa. Bibi akaepua vitumbua vyake, akavipanga kwenye sinia, kisha akasema bila kuinua sauti: "Mwanangu, wewe barabara mbovu inakutunzia upepo wako. Mimi imeniondolea mjukuu."

Mkamwana wake alishikwa na uchungu Mkwaja, kusini ya Mto Pangani, usiku wa masika. Walimpakia kwenye pikipiki, yeye katikati, mama mkunga nyuma akimshikilia, hadi Bweni, kijiji cha ukingoni kinachotazamana na Pangani mjini. Pale wakavuka maji kwa mtumbwi. Upande wa huku akapokewa, ikaonekana lazima afike Tanga mjini, na kutoka Pangani hadi Tanga ni kama kilomita 50. Kilomita hamsini, mtu wa Dar anazisikia kama kwenda Kibaha na kupitiliza kidogo. Usiku ule gari lilikwama kwenye udongo mara mbili. Mama alipona. Mtoto hakuwahi.

Naandika haya kwa sababu nawasikia watu wengi, rika langu na vijana pia, wakitamani kuhama jiji na kwenda kukaa "sehemu iliyotulia." Mimi nimehama, nina mwaka wa saba sasa, na sijuti. Lakini nadhani tunalizungumza jambo hili kwa lugha ya mteja anayechagua nyumba ya wageni: kuna upepo, kuna samaki wa bei nafuu, hakuna foleni. Swali ambalo hatujiulizi ni huo utulivu umetokana na nini, na nani anaulipia.

Nianze na jiji lenyewe, kwa ufupi, maana kila mtu anajua linavyochosha. Nilikuwa napanga Mbagala na kufanya kazi Posta. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri, nikarudi saa mbili usiku, na mwanangu wa kwanza alijifunza kutembea kwa wiki tatu kabla sijamwona akitembea. Hiyo ndiyo sababu yangu, sina nyingine. Nikapata kazi ya kutafsiri na kuhariri nyaraka kwa kompyuta, kazi ambayo haikujali niko wapi maadamu intaneti ipo, na mke wangu akakubali.

Takwimu za sensa zinaonyesha kwamba hatuko wachache tunaolikimbia jiji, ingawa wengi hawaendi mbali. Kati ya 2002 na 2012 Dar es Salaam ilikua kwa wastani wa asilimia 5.6 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 ikakua kwa asilimia 2.1 tu, chini ya nchi nzima iliyokua kwa asilimia 3.2. Watu wameenda wapi? Tazama jirani yake, Mkoa wa Pwani: kutoka watu milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2 katika miaka hiyohiyo kumi. Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo. Huko ni kujenga pembeni na kuendelea kuamka alfajiri kuwahi mjini. Wanaoruka wakatua mahali kama Pangani, wilaya iliyokuwa na watu wapatao 54,000 katika sensa ya 2012, wanahesabika kwa vidole: mstaafu mmoja mmoja, mwenye vyumba vya wageni kule Ushongo, mtu wa kompyuta kama mimi.

Wachache hao ndio wanaozungumza sana. Wapo wengi zaidi wanaoishi katika miji hiyohiyo bila kuichagua, nao hawaulizwi.

Ukuta wangu wa nyuma umepakana na nyumba aliyopanga mwalimu wa sekondari. Mume wake yuko Dar, watoto wawili wako kwa mama yake Mbeya. Upepo unaopita dirishani kwangu unapita dirishani kwake, na jogoo anayeniamsha ndiye anayemwamsha. Kwa miaka minne alikuwa akitafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Wasioijua habari hii nitawaeleza: mtumishi anayetaka kuhama humtafuta mwenzake wa kada ileile, na kwa walimu wa sekondari afadhali hata masomo yawe yaleyale, aliye katika halmashauri anayoitaka yeye, wakikubaliana, wanaomba uhamisho, wakurugenzi wa pande zote mbili wanaridhia, kisha wanangoja. Kuna makundi ya simu yenye maelfu ya walimu na wauguzi wakitangaza: niko wilaya fulani, natafuta wa Dar, Pwani au Morogoro. Yasome matangazo hayo siku moja. Karibu kila mji ambao sisi tunauota, kuna mtu ndani yake anayeomba kutoka.

Siku moja nilimwuliza mwalimu huyo ni kitu gani hasa kinamshinda Pangani. Nilitegemea aseme maji au umeme. Akanijibu: "Kaka, mji hauna ubaya. Ubaya ni kwamba wewe ukiamka kesho ukasema basi, unaondoka. Mimi nikisema basi, nasema peke yangu."

Jibu hilo lilinifungua macho kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma juu ya maisha ya mji mdogo. Ukimya ni uleule, ila mmoja wetu ana mlango na mwingine hana. Na katika nchi yetu, kutoka jijini kwenda mbali kuna historia nzito ya kukosa mlango. Wazee wanakumbuka Sheria ya Nguvukazi ya 1983, wakati wasio na kazi inayotambulika walipokamatwa mitaani Dar es Salaam, wakapakiwa magarini na kupelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi jijini kimyakimya kabla jembe halijazoea mikono yao. Na katika utumishi, mikoa fulani ilitajwa kwa miaka mingi kana kwamba ni vifungo. Mtu akihamishiwa Rukwa au Kigoma, wenzake walimuuliza amemkosea nani. Kwa hiyo mimi ninaposema kwa furaha kwamba nimehamia mji wa mbali, jirani yangu mwalimu analisikia neno lilelile "kuhamia" kwa sikio tofauti kabisa.

Sasa turudi kwenye utulivu wenyewe. Mgeni akifika Pangani huona magofu ya nyumba za mawe, milango ya nakshi iliyochakaa, boma, mtaa wa maduka ambao nusu yake umefungwa, mto mpana unaoingia baharini polepole. Atasema: mji umelala vizuri. Mimi pia nilisema hivyo. Baadaye nikaanza kuuliza ulilala lini.

Katika karne ya 19 Pangani haikuwa na usingizi hata kidogo. Misafara ya pembe za ndovu ilishuka kutoka upande wa Kilimanjaro na nyika za Wamasai ikaishia hapa. Kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Majahazi yalipakia pembe, sukari, na watu. Agosti 1888, kampuni ya Kijerumani ilipokuja kutwaa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, mji huu ndio uliowaka kwanza, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani nzima. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga hapahapa Pangani.

Kisha kilikuja kilichoulaza mji. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli, nayo ilianzia Tanga, bandari yenye kina, ikapanda kwenda Korogwe na miaka ya baadaye Moshi. Mzigo uliokuwa ukifuata mto ukafuata chuma. Mwaka huohuo 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida; kati ya elfu moja, 62 tu ilifika hai, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo tu ya mto kutoka mjini. Kwa hiyo mmea uliokuja kuitajirisha Tanganyika nzima ulianzia machoni pa Pangani, na kwa miongo kadhaa mkonge uliwapa watu wa huku kazi baada ya misafara kufa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za nailoni zikaporomosha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 bila soko kuwa na nafuu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Mabehewa madogo yaliyobeba majani ya mkonge yakaliwa na kutu. Vijana wakapanda basi kwenda Tanga, kutoka Tanga wakaenda Dar.

Kwa hiyo ukimya tunaoupenda una sauti zilizoondoka ndani yake. Ni kazi iliyohama. Ninapokaa jioni ukingoni nikasikia maji tu na ngalawa mbili zikirudi, nasikia pia kwamba hakuna kiwanda, hakuna garimoshi, hakuna mfanyabiashara anayepigana na muda. Kwangu ni neema, kwa sababu pesa yangu inatoka Dar na nje kupitia simu. Kwa kijana wa diko la samaki ambaye pesa yake inatoka hapahapa, ukimya huo ni njaa. Anavua bamvua kwa bamvua, siku za maji makubwa; maji mafu yakiingia, bahari isipojaa wala kupwa sana, anakaa, na kusi, upepo wa kusini, likivuma sana anakaa tena. Simu yake ina ndugu watatu walio Manzese na Tandale wanaomwambia aje.

Hapo ndipo suala la barabara linapokaa. Kinachojengwa si kipande kidogo. Ni njia ya kilomita 256 kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Kwa mara ya kwanza tangu reli iupite mji huu kando, njia kubwa inapita katikati yake. Na sisi wageni, nikisema ukweli, tumekuwa tukiinung'unikia. Nimesikia hoja zote, nyingine nilizitoa mwenyewe: malori yatakuja, wezi watakuja, fukwe zitauzwa, watoto wataharibika.

Sisemi hofu hizo ni za bure. Ya ardhi hasa ni ya kweli, na imeanza. Madalali walifika kabla ya greda. Familia iliyorithi minazi kwa vizazi vinne inauza ekari mbili za ufukwe, kijana mmoja ananunua pikipiki, na baada ya mwaka pikipiki ni chuma chakavu na ardhi ina uzio. Lakini ukiiangalia hofu hiyo kwa makini, dawa yake haiko kwenye kuzuia lami. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini; kijijini, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kazi iliyopo ni kuhakikisha mkutano unaitishwa, muhtasari unasomwa hadharani, na hizo mita 60 zinapimwa kwa futi kamba mbele ya watu. Hiyo ni kazi ya kuchosha, ya kukaa juani chini ya mwembe saa nne nzima. Ni rahisi zaidi kulaumu lami.

Na lazima niseme lingine, hata kama linaniuma. Mimi nilinunua kiwanja changu kwa bei ambayo rafiki zangu wa Dar hawakuamini. Bei hiyo ilikuwa ndogo kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Yaani shida iliyomchelewesha mkamwana wa bibi wa vitumbua ndiyo iliyonipunguzia mimi gharama. Sikumwibia mtu. Lakini siwezi kukaa kwenye baraza iliyojengwa kwa punguzo hilo nikaomba shida iendelee ili mandhari yangu yasiguswe.

Anayefikiria kuhama huja kuniuliza maswali, na mengi ni ya upepo na bei ya samaki. Mimi humrudishia maswali mengine. Ukipata ugonjwa wa kupasuliwa usiku wa manane, utafika wapi, kwa gari la nani? Mtoto wako atasoma shule ya hapa pamoja na wa jirani, au utampeleka bweni mkoa mwingine na kuuacha mji na shule yake? Kazi yako ikifa, mji huu una kazi ya kukupa, au utamnyang'anya mtu? Na kuna swali moja la pwani ambalo watu wa jiji hawalitegemei: ukifa, nani atakuosha? Huku msiba hauna kadi wala kamati ya simu. Mtu akifa, hodi inapigwa, na unakwenda, uwe umelala au una mkutano wa kompyuta na watu wa Ulaya. Mwaka wangu wa kwanza nilikosa maziko mawili kwa kisingizio cha kazi. Hakuna aliyenigombeza. Walinisalimia vilevile, ila salamu ilikuwa fupi, na ilinichukua miezi kuelewa ufupi ule. Aliyekuja kutafuta kuachwa peke yake atajuta hapa; Mbagala niliachwa peke yangu kuliko mahali popote nilipowahi kuishi.

Wenyeji wa Tanga wana msemo wao wa zamani kuhusu mkoa wao: waja leo, kuondoka majaaliwa. Wengi huutaja kwa raha, kwamba Tanga ni tamu, mgeni hasahau. Kwa muda mrefu nami niliuelewa hivyohivyo. Siku hizi nausikia zaidi hilo neno la mwisho. Majaaliwa maana yake kuondoka hakumo tena mikononi mwako. Mwalimu jirani yangu aliishi katika majaaliwa miaka minne bila kupenda. Mimi naishi na tiketi mfukoni, na wenyeji wanaijua tiketi hiyo. Wanaiona kwenye gari langu, kwenye bima yangu inayotibiwa hospitali kubwa, kwenye namna ninavyosema "nikichoka."

Nilichoamua, na ninakisema kama jambo ninalojaribu wala si kama ushujaa, ni kuitumia huduma ya hapa kabla ya kuikimbia. Watoto wangu wote wawili wako shule ya serikali, na mimi nimo katika kamati. Homa ikija tunaanza zahanati ya hapa, tunakaa foleni. Nimejifunza jambo moja kwa kukaa kwenye foleni hiyo: dawa zinapoisha, wanaolalamika ni kina mama ambao hawajui barua iende kwa nani, na anayejua barua iende kwa nani kwa kawaida hayupo kwenye foleni. Mtu aliyetoka jijini huleta vitu vichache vyenye faida kwa mji mdogo. Pesa yake ni kidogo kuliko anavyodhani. Anachojua zaidi ni njia za ofisi: nani anaandikiwa, nakala inakwenda wapi, mhuri unagongwa na nani. Barua tatu tulizoandika pamoja na kina mama wale zimezaa kabati la baridi la chanjo. Ya nne, ya kuomba gari la wagonjwa likae ng'ambo, kule Bweni, haijajibiwa, na tunaiandika upya mwezi huu.

Mwalimu alipata mtu wa kubadilishana naye mwezi Januari. Alilia akicheka. Alituachia pipa lake la maji, jiko la mkaa na mche wa mlimao, na bibi wa vitumbua akamfungia mkate wa kumimina wa safari. Mwenzake aliyekuja kushika nafasi yake alitoka Temeke, msichana wa miaka kama ishirini na saba, akashuka kwenye basi saa tisa alasiri akiwa na mabegi mawili na godoro lililokunjwa, vumbi hadi kwenye kope. Nilimsaidia godoro mpaka mlangoni. Alisimama pale, akatazama mto, akatazama juu kwenye nyaya za umeme, kisha akaniuliza maji ya bomba hutoka siku zipi.

Nikamwambia Jumanne na Ijumaa, na kwamba pipa tayari limo ndani.